Vidonge vyote hivi vya vitamini, na joto bado linaniamsha usiku

Dada mshauri,

Salamu kwako. Nina umri wa miaka 51. Hedhi yangu iliyumba kwa muda mrefu, mara inawahi, mara inachelewa miezi mitatu, hatimaye ikakata kabisa. Sasa umepita mwaka na ushei. Kukata kwake sikukujali sana, kilichonishinda ni haya yaliyofuata. Joto linanipanda ghafla kuanzia kifuani, shingo na uso vinawaka, jasho linanitiririka mpaka nywele zinalowa, kisha baada ya dakika chache nasikia baridi. Usiku ni balaa. Naamka nabadilisha nguo ya kulalia, nalala, naamka tena. Kazini nasimamia watu, na katikati ya kikao najikuta najipepea na daftari huku wote wananitazama. Nyumbani nimekuwa mkali kwa mambo madogo. Tendo la ndoa linaniuma, kwa hiyo nimeanza kumkwepa mume wangu, naye anadhani nimemchoka.

Dada yangu mkubwa alishapita njia hii. Alinionya nisiguse dawa za homoni kwa sababu zinaleta saratani ya titi. Yeye alitumia vitamini tu na anaapa zilimtuliza. Nikamfuata. Kila asubuhi nikiamka nameza kidonge changu cha tezi (nimetumia levothairoksini miaka mingi kwa sababu tezi yangu ya shingo ni dhaifu), na hapo hapo, kwa glasi ileile ya maji, nameza vingine. Kuna kimoja cha mchanganyiko wa wanawake waliokoma hedhi, chenye vitamini E yuniti 400, vitamini D yuniti 1,000, vitamini B6 miligramu 50, madini ya chuma na dondoo la soya. Kuna viwili vya kalsiamu, kila kimoja miligramu 600 pamoja na vitamini D yuniti 400. Kuna cha vitamini D peke yake, yuniti 5,000. Kuna cha vitamini B mchanganyiko, ambacho B6 yake ni miligramu 100. Na kuna cha nywele, ngozi na kucha, chenye biotini mikrogramu 10,000, kwa sababu nywele zinaniishia.

Mwanzoni joto lilipungua, nikashukuru, halafu likarudi. Nywele bado zinatoka, uchovu umezidi, na nasahau majina ya watu ninaofanya nao kazi. Vidole vya miguu vimeingia ganzi, wakati mwingine ni kama natembea juu ya changarawe, nadhani ni viatu. Nilipopima tezi mara ya mwisho daktari alisema dawa inaonekana kuzidi mwilini, akanipunguzia dozi. Mwezi uliopita niliona damu kidogo kwa siku mbili. Aliyeniuzia vidonge akasema ni dalili njema, mwili unarudi ujanani.

Swali langu: niongeze vitamini E ifike yuniti 800, kama nilivyosikia? Au kuna mchanganyiko mwingine wenye nguvu zaidi? Nisaidie dada, nimechoka.

Niliyechoshwa na Joto

*

Dada yangu mpendwa,

Pole sana. Usingizi unaokatwa kila usiku, mwezi baada ya mwezi, unamvunja mtu yeyote, na sioni ajabu kwamba umekuwa mkali. Nitakujibu kuhusu vitamini E, lakini kuna jambo umelipitia kwa mstari mmoja karibu na mwisho wa barua nalo ndilo zito kuliko yote, kwa hiyo naanza nalo.

Ile damu. Mwanamke ambaye hedhi yake imekata miezi 12 mfululizo, kisha akaona damu tena, hata matone, hata rangi ya waridi tu kwenye nguo ya ndani, anatakiwa apimwe. Hakuna vitamini inayourudisha mfuko wa uzazi ujanani, na aliyekuambia hivyo amekupa faraja asiyokuwa na haki ya kuitoa. Mara nyingi chanzo si cha kutisha: utando wa uke au wa mfuko wa uzazi umekuwa mwembamba na mkavu, au kumeota kinyama kidogo kisicho na madhara. Lakini katika wanawake wanaotokwa na damu baada ya kukoma hedhi, karibu mmoja kati ya kila kumi hukutwa na saratani ya utando wa mfuko wa uzazi. Saratani hiyo, tofauti na nyingine nyingi, hujitangaza mapema kwa damu hiyohiyo, wakati bado inatibika vizuri. Nenda wiki hii. Mwambie daktari wa wanawake maneno haya: hedhi ilikata zaidi ya mwaka uliopita, nimeona damu siku mbili. Atakupima kwa altrasaundi inayopitishwa ukeni ili aone unene wa utando. Ukiwa milimita 4 au pungufu, uwezekano wa saratani ni mdogo sana. Ukizidi hapo, au damu ikirudi, atachukua kipande kidogo cha utando kikapimwe. Na umpelekee ile chupa ya mchanganyiko, kwa sababu dondoo la soya lina viini vinavyofanana kwa mbali na homoni ya estrojeni, naye ni vema ajue unakitumia.

Sasa tuje kwenye glasi yako ya asubuhi. Nimeisoma sehemu hiyo ya barua mara kadhaa, kwa sababu naona humo vitu vitatu vinavyogombana tumboni mwako na kwenye maabara, na huenda nusu ya unayoyaita dalili za kukoma hedhi yanatoka humo.

Kidonge cha tezi hutakiwa kimezwe tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Kalsiamu na chuma vikikutana nacho tumboni huking'ang'ania, na sehemu ya dawa hutoka bila kuingia kwenye damu. Ndiyo maana wanaotumia levothairoksini huambiwa waache saa 4 kati yake na kalsiamu au chuma. Wewe unavimeza pamoja tangu ulipoanza. Na mtu ambaye tezi yake haipati dawa ya kutosha hulalamika nini? Uchovu, nywele kukatika, kusahau, moyo mzito. Soma tena barua yako uone.

Utaniuliza: mbona kipimo kilionyesha dawa imezidi? Hapa ndipo biotini inapoingia. Maabara nyingi hupima homoni za tezi kwa njia ambayo yenyewe hutumia biotini kama gundi ya kunasia kinachopimwa. Damu ikiwa imejaa biotini, kipimo huchanganyikiwa: homoni ya TSH, ile ambayo ubongo huituma kuihimiza tezi ifanye kazi, huonekana iko chini na homoni ya tezi yenyewe huonekana iko juu, picha ileile ya mtu anayepewa dawa nyingi kupita kiasi. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu jambo hili mwaka 2017, hasa kwa sababu biotini hiyohiyo inaweza kuficha kipimo cha mshtuko wa moyo. Mtu mzima anahitaji biotini kama mikrogramu 30 kwa siku. Kidonge chako kina 10,000. Kwa hiyo inawezekana kabisa, na nasema inawezekana kwa sababu ni daktari wako tu atakayethibitisha, kwamba dawa ilikuwa haiingii mwilini ipasavyo, kipimo kikadanganya kuwa imezidi, na dozi ikapunguzwa kwako wewe uliyekuwa tayari umepungukiwa.

Usijirudishie dozi ya zamani mwenyewe. Acha kile kidonge cha nywele leo, meza dawa ya tezi peke yake alfajiri, na mpigie daktari wako umweleze yote mawili, biotini na kalsiamu. Atakuambia urudie kipimo lini. Kwa biotini nyingi kama hiyo siku tatu za kuiacha kwa kawaida hutosha kuondoa udanganyifu. Ila kujua kama dozi inakufaa baada ya kurekebisha saa za kumeza kunahitaji wiki 6 hadi 8, kwa sababu TSH hubadilika taratibu.

La tatu ni miguu yako, na sidhani kama ni viatu. Vitamini B6 huyeyuka kwenye maji, na watu wengi wamejengewa imani kwamba kila kinachoyeyuka kwenye maji kikizidi hutoka kwenye mkojo bila madhara. B6 haifuati kanuni hiyo. Ikiliwa kwa wingi kwa miezi, huumiza mishipa ya fahamu, na huanza na ncha: vidole vya miguu, nyayo, kisha mikono. Ganzi, kuchomwachomwa, hisia ya kukanyaga changarawe. Mwanamke wa umri wetu anahitaji kama miligramu 1.5 kwa siku. Ukijumlisha chupa zako mbili unapata 150, yaani mara mia. Marekani kikomo kilichowekwa kwa mtu mzima ni miligramu 100. Ulaya, wataalamu wa usalama wa chakula waliposhusha kikomo chao mwaka 2023 walikiweka kwenye 12 tu, kwa sababu ya ganzi kama hii yako. Acha chupa zote mbili, ile ya B na ile ya mchanganyiko. Huhitaji kupunguza kidogo kidogo. Mishipa hupona polepole, na wengine huona hali inazidi kidogo katika wiki za kwanza kabla ya kutulia, usiogope. Lakini mwambie daktari apime pia sukari na vitamini B12, maana kisukari na upungufu wa B12 nao huleta ganzi ya miguu. Isije tukaikamata B6 pekee na mwizi mwingine akabaki ndani.

Umeona kwamba bado sijagusa joto. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Naelewa kwa nini mtu hukimbilia vitamini: hazina sura ya dawa, zinapatikana bila kueleza aibu zako kwa mtu, na kila kopo limeandikwa maneno matamu. Lakini kidonge cha vitamini ni kemikali yenye kipimo, kama dawa nyingine, na wewe umekuwa ukimeza kadhaa kwa pamoja bila mtu yeyote kukujumlishia.

Joto lenyewe chanzo chake kiko kichwani. Ndani ya ubongo kuna sehemu inayosimamia joto la mwili, na humo kuna chembe za neva ambazo estrojeni huzituliza. Ovari zikipunguza estrojeni, chembe hizo huchachamaa, na ubongo huona mwili umepata joto kupita kiasi wakati haujapata. Unaamuru ngozi ifungue mishipa, jasho litoke, mwili upoe. Ndiyo maana unawaka, halafu unatetemeka kwa baridi. Hakuna vitamini iliyopungua hapo. Ovari haziwezi kulishwa vitamini zikaanza upya, mayai yake yamekwisha.

Sasa vitamini E, kwa sababu umeuliza. Ile yuniti 800 uliyoisikia ina asili yake. Mwaka 1998 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliowahusisha zaidi ya wanawake 100 waliowahi kutibiwa saratani ya titi. Kila mmoja alitumia yuniti 800 za vitamini E kwa wiki 4 na vidonge visivyo na dawa kwa wiki nyingine 4, bila kujua kipi ni kipi. Tofauti ilipatikana: vitamini E ilipunguza joto kwa mpando mmoja kwa siku zaidi ya kidonge kitupu. Mmoja. Na walipoulizwa mwishoni, wanawake wenyewe hawakuona sababu ya kuipendelea vitamini E. Ukiwa unapandwa na joto mara kumi, utapandwa mara tisa. Kwa upande wa pili, vitamini E nyingi hupunguza uwezo wa damu kuganda, na anayetumia warfarini au aspirini anaweza kuvuja damu. Na wewe una damu ambayo hatujajua imetoka wapi. Hapana dada, usiongeze. Hata hiyo 400 iache.

Vitamini D na kalsiamu ni habari nyingine, kwa sababu hizo zina kazi ya kweli, ila si kazi hii. Estrojeni ikishuka mifupa huanza kupoteza madini kwa kasi, hasa miaka ya mwanzo, kwa hiyo mwili wako unazihitaji. Lakini wanawake zaidi ya 36,000 waliokwisha koma hedhi walifuatiliwa Marekani kwa takriban miaka 7, nusu wakipewa kalsiamu miligramu 1,000 na vitamini D yuniti 400 kila siku, nusu wakipewa vidonge vitupu. Dalili za kukoma hedhi hazikutofautiana kati ya makundi hayo. Mifupa ya nyonga ilipata unafuu mdogo, na waliopata mawe ya figo walizidi kwa asilimia 17 katika kundi la vidonge vya kweli.

Hesabu yako ya vitamini D ni hii: 1,000 kutoka mchanganyiko, 800 kutoka kalsiamu mbili, 5,000 kutoka ile ya peke yake. Jumla 6,800 kwa siku. Mahitaji ya umri wako ni 600, na kikomo cha kutumia bila usimamizi wa daktari ni 4,000. (Chupa nyingine huandika mikrogramu badala ya yuniti, ndiyo maana watu hupotea. Mikrogramu 1 ya vitamini D ni yuniti 40, kwa hiyo wewe unameza mikrogramu 170.) Sisemi umejidhuru, wengi hawaugui kwa kiasi hicho. Lakini vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu ya damu, nawe unaiongezea kalsiamu 1,200 kwa mkupuo. Iache hiyo ya 5,000, na kwa kuwa damu itachukuliwa kwa ajili ya tezi, omba wapime pia kalsiamu na vitamini D. Ukikutwa na upungufu utapewa dozi yenye sababu. Ukikutwa sawa, 600 hadi 800 zinakutosha.

Kalsiamu usiimeze miligramu 1,200 kwa mara moja, mwili hufyonza vizuri isiyozidi 500 hivi kwa wakati mmoja. Kwanza angalia unapata kiasi gani kwenye chakula: maziwa, samaki wadogo wanaoliwa na mifupa yao, mboga za majani. Lengo ni kama 1,000 hadi 1,200 kwa siku, chakula na vidonge kwa jumla, siyo vidonge pekee. Wengi wakishajumlisha chakula hugundua wanahitaji kidonge kimoja au hawahitaji kabisa. Kama ni kimoja, kimeze pamoja na chakula cha mchana au cha jioni, mbali na dawa ya tezi. Na mifupa haijengwi na kidonge peke yake. Inataka kubebeshwa mzigo: kutembea kwa kasi, kupanda ngazi, kunyanyua vitu vizito kiasi.

Chuma uliyokuwa unapata kwenye mchanganyiko hukuihitaji isipokuwa kipimo kionyeshe damu yako ni pungufu. Hedhi ikikoma mahitaji ya chuma hushuka zaidi ya nusu. Soya huwasaidia wengine kidogo na wengine haiwasaidii kabisa, tafiti hazikubaliani. Magnesiamu, ambayo wengi watakushauri, ilipopimwa dhidi ya kidonge kitupu haikupunguza joto. Na ukikutana na kopo lililoandikwa black cohosh, mzizi unaosifiwa sana kwa tatizo hili, ujue ushahidi wake ni hafifu na kuna watu wachache walioumia ini baada ya kuutumia.

Kuhusu dada yako, tafadhali usigombane naye. Simwoni kama mwongo. Katika karibu kila utafiti wa dawa za joto hili, wanawake wanaopewa kidonge kitupu nao hupata nafuu, wengine robo, wengine nusu ya mipando yao. Nafuu hiyo ni ya kweli, wanaihisi mwilini. Kisha muda nao hufanya kazi yake. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuata wanawake kwa miaka mingi uliona kwamba joto hili hudumu kama miaka 7 kwa mwanamke wa kati, wengine muda mfupi zaidi, wengine zaidi ya miaka 10. Aliyeanza vitamini miezi michache kabla ya joto lake kuisha atazishukuru vitamini maisha yake yote. Wewe nawe ulipata nafuu mwanzoni, kisha ikaondoka.

Alipokosea ni kwenye homoni, na kosa hilo si lake peke yake. Mwaka 2002 utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu vidonge vya estrojeni na projestini (homoni ya kutengenezwa inayofanya kazi kama projesteroni ya mwili) ulisimamishwa kabla ya wakati, habari zikaenea dunia nzima, na mamilioni ya wanawake wakatupa dawa zao. Kilichopatikana kilikuwa hiki: katika wanawake 10,000 wanaotumia vidonge hivyo kwa mwaka mmoja, saratani za titi ziliongezeka kwa 8. Hatari hiyo ipo na sitaificha. Lakini wanawake wale walikuwa na wastani wa miaka 63, wengi wakiwa wamekoma hedhi zamani. Leo wataalamu wanakubaliana kwamba kwa mwanamke aliye chini ya miaka 60, au ambaye haijapita miaka 10 tangu akome hedhi, mwenye dalili zinazomsumbua na asiye na kizuizi, faida kwa kawaida huzidi hatari. Hakuna kitu kingine kinachopunguza joto kama homoni. Inapunguza mipando kwa takriban robo tatu, na inalinda mifupa.

Vizuizi ni hivi: aliyewahi kuugua saratani ya titi, kiharusi, mshtuko wa moyo au damu kuganda kwenye mishipa, mwenye ugonjwa wa ini, na mwenye damu ya ukeni isiyojulikana chanzo. Hilo la mwisho ni lako kwa sasa, na ni sababu nyingine ya kuwahi kipimo. Kikitoka salama, zungumza na daktari kuhusu homoni bila woga. Kwa kuwa mfuko wako wa uzazi upo, utahitaji estrojeni pamoja na projesteroni, kwa sababu estrojeni peke yake hunenepesha utando. Na kwa kuwa unatumia dawa ya tezi, muulize kuhusu estrojeni ya kubandika au kupaka kwenye ngozi. Ile ya kumeza huweza kuongeza mahitaji yako ya levothairoksini, na pia huongeza uwezekano wa damu kuganda, jambo ambalo halijaonekana kwa ile ya ngozi katika dozi za kawaida.

Ukikataliwa homoni, au ukiamua mwenyewe huzitaki, mlango haujafungwa. Baadhi ya dawa za sonona, kama venlafaksini, kwa dozi ndogo hupunguza joto hata kwa mtu asiye na sonona. Gabapentini, dawa ya kifafa na maumivu ya neva, ikinywewa usiku huwasaidia wanaoamshwa na jasho. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha dawa mpya isiyo ya homoni, fezolinetanti, inayotuliza zile chembe za neva nilizokueleza, ingawa anayeitumia lazima apimwe ini. Na mazungumzo ya tiba ya kubadili fikra na mwenendo, yakiongozwa na mtaalamu, yamethibitika kupunguza usumbufu wa joto na kurudisha usingizi. Dawa hizo tatu zimepimwa dhidi ya kidonge kitupu zikashinda.

Kuhusu maumivu ya tendo la ndoa: utando wa uke hukauka na kuwa mwembamba estrojeni ikipungua, na tofauti na joto, hali hii haiondoki yenyewe, huzidi miaka inavyokwenda. Kilainishi cha majimaji wakati wa tendo, na kile cha kulinda unyevu kinachotumika mara chache kwa wiki, vinapatikana bila cheti. Ikiwa havitoshi, iko estrojeni ya ukeni ya dozi ndogo sana, ambayo kidogo tu huingia kwenye damu. Hiyo nayo subiri damu ichunguzwe kwanza. Ila mume wako usimsubirishe. Mwambie leo kwamba inauma, kwamba ni mwili na si yeye. Mwanaume anayekwepwa bila maelezo hujitungia maelezo yake, na siku zote huwa mabaya kuliko ukweli.

Kwa hiyo kesho asubuhi meza dawa ya tezi peke yake, kwa maji. Zile chupa nyingine usizitupe, zitie zote kwenye mfuko mmoja uende nazo kwa daktari, azisome lebo mwenyewe, kwa sababu wengi tukiulizwa "unatumia dawa gani" husahau kutaja vitamini. Anza na kipimo cha damu ile. Majibu yakishatoka niandikie, hasa yale ya tezi, nami nitakusaidia kupanga maswali ya kumpelekea daktari kuhusu homoni.